Zisikilize linki zako kabla hujaupandisha ukurasa

Nilitengeneza tovuti ya kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo, nikamwomba jirani yangu hapa Chang'ombe, mwalimu mstaafu asiyeona, aipitie. Alibonyeza vitufe viwili, kompyuta yake ikaanza kusoma linki zangu: "Bofya hapa. Bofya hapa. Soma zaidi. Bofya hapa." Mara kumi na moja. Akanigeukia. "Mwanangu, hapa ni wapi?"

Swali lile lilinichoma. Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu naupima hivi, na naanza na sikio.

Pakua NVDA, programu ya bure ya Windows inayosoma skrini kwa sauti. Aliianzisha mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akajiunga naye, wote wawili wasioona. Ukishaiwasha, bonyeza Insert, Ctrl na S, chagua eSpeak NG, kisha kwenye mipangilio ya sauti weka Kiswahili. Matamshi yake ni makavu kidogo, ila yanaeleweka.

Fungua ukurasa wako, bonyeza Insert na F7. Inakuja orodha ya linki peke yake, bila aya, bila picha. Shuka nayo mstari mmoja mmoja ukijiuliza: nikibonyeza hii nafika wapi? Zile unazokosa jibu ziandike kwenye karatasi.

Halafu bandika anwani ya ukurasa kwenye WAVE, kifaa cha mtandaoni cha kukagua kurasa, cha WebAIM ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani. Alama nyekundu zitakuonyesha, pamoja na makosa mengine, linki tupu, yaani zisizo na maneno. Yangu ilikuwa picha ya WhatsApp niliyoiweka bila maandishi mbadala, yale yanayosomwa badala ya picha. Kwa Mwalimu ilikuwa haisemi lolote la maana.

Sasa hapa uwe macho. "Bofya hapa" zangu zote WAVE iliziacha zipite, na Lighthouse, kipimo cha kurasa kilichomo ndani ya Chrome (F12 utaiona), nayo haikuzigusa. Maneno mabovu vinayoyatafuta vifaa hivi hayakuwa ya Kiswahili. Kwa hiyo natumia Ctrl na F, natafuta mwenyewe: hapa, zaidi, bonyeza, tazama, pakua. Dakika mbili tu.

Kurekebisha ndiko kwenye kazi. "Kujua bei ya miche bofya hapa" nimeigeuza linki moja: "Bei ya miche ya zabibu". "Soma zaidi" imekuwa "Jinsi ya kupogoa mizabibu". Usianze na neno "linki", maana NVDA inalitaja yenyewe. Faili liseme ni faili: "Fomu ya uanachama, PDF". Na linki mbili zinazokwenda kurasa tofauti zisifanane maneno.

Kanuni za WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kifungu 2.4.4, zinakubali maana ya linki itokane na sentensi iliyoizunguka. Mimi sipendi kuegemea ruhusa hiyo. Ile orodha ya Insert na F7 haibebi sentensi, na ndiyo Mwalimu anayoitumia kila siku.

Nilipomrudishia tovuti, alishuka kwenye orodha mpaka "Bei ya miche ya zabibu", akabonyeza Enter, akasikiliza. Kisha akaniuliza kama miche mitano itaenea uani kwake.