Ukifika Denmark, anza na smørrebrød mchana

Ukitua Copenhagen, usiweke smørrebrød kiporo cha jioni. Ni chakula cha mchana, na migahawa mingi inayokipika vizuri hufunga jiko alasiri. Ni kipande kimoja cha rugbrød, mkate mweusi mzito wa rai wenye uchachu kidogo, kilichopakwa siagi kisha kikarundikwa vitu hadi mkate wenyewe hauonekani. Usikinyanyue kwa mkono kama sambusa! Kinaliwa kwa kisu na uma.

Utaratibu wao ni samaki kwanza, nyama baadaye, jibini mwisho. Anza na sild, samaki aliyelowekwa kwenye siki na sukari, juu yake vitunguu mbichi. Tonge la kwanza litakushangaza, la pili utalielewa. Mimi huwa namalizia na stjerneskud: minofu ya samaki bapa, mmoja wa kukaanga na mmoja wa mvuke, na kamba juu yake. Vipande viwili kwa mtu vinatosha.

Kwa wasiokula nguruwe, hapo macho yawe wazi. Stegt flæsk, kilichopigiwa kura kuwa chakula cha taifa mwaka 2014, ni nguruwe mtupu na mchuzi mweupe wa kotmiri (parsley). Frikadeller zinafanana kabisa na kababu zetu, ila mara nyingi zina nguruwe, na leverpostej ni maini ya nguruwe yaliyosagwa. Uliza: "Er der svinekød i?", yaani, "Kuna nguruwe ndani yake?" Watakujibu bila kununa.