Siku ya kubadilishana vitabu kwenye maktaba ya chuo

Iweke katikati ya muhula, saa 8 mchana hadi saa 10 jioni. Wiki ya mitihani haji mtu. Kusanya mapema walau vitabu 40 vya kuanzia, maana meza tupu hufukuza watu. Anayeleta vitabu mpe tiketi moja kwa kila kitabu, zisizidi 3, naye achukue vitabu idadi hiyo hiyo.

Kinachoharibu zaidi ni vitabu vya maktaba kuchanganyika na vya kubadilishana. Fungua kila kitabu mlangoni, tazama muhuri kwenye kurasa za mwanzo na namba kwenye mgongo. Kikiwa hakina alama hizo za maktaba, kibandike kibandiko chekundu. Bila hicho mlinzi atamsumbua mtu getini bure. Chenye ukungu usikipokee kabisa, utaenea rafu nzima.

Vitini vya masomo vitengee meza, ndivyo vinavyogombewa.