Somo: Kuvaa Kama Kwenye Filamu Bila Kuonekana Umevaa Maleba

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi picha ya koti refu jeusi nililoliona kwenye filamu ya mapigano. Alilishona vizuri kabisa. Siku ya kwanza kulivaa nilipanda ngazi nikalikanyaga, nikashuka nikalikanyaga tena, na nilipoketi nikalikalia hadi likanikaba shingo. Fundi hakukosea, nilikosea mimi. Kwenye filamu lile koti lilikuwa na kazi ya kupepea mtu anaporuka. Mimi siruki.

Hatua ya 1: Anza na kabati lako
Toa nguo tatu ambazo ukizivaa huhangaiki na kioo. Zinafanana wapi? Ukosi, urefu wa mikono, mahali kiuno kinapokaa, uzito wa kitambaa. Andika. Usipojua kwanza kinachokukaa, kila nguo ya kwenye skrini itakuita.

Hatua ya 2: Chagua mhusika mnayefanana maisha
Stelingi mara nyingi huvalishwa ili jicho limpate haraka kwenye umati. Rafiki yake, dada yake, yule karani anayeonekana mara nne tu, hao ndio wamevaa nguo za kuvalika. Mimi gauni la sherehe hulipita. Nasubiri asubuhi yake, mhusika amechelewa kazini na amevaa alichokipata.

Hatua ya 3: Tazama tena bila sauti
Hadithi usiposikia, macho yanabaki na nguo. Simamisha anaposimama mwili mzima, anapoketi na anapogeuza mgongo. Picha tano za skrini zinatosha.

Hatua ya 4: Tafuta uamuzi ulio nyuma ya nguo
Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapoteleza. Tunauliza "nguo ile inapatikana wapi?" kabla ya kuuliza "kwa nini imempendeza?"

Chukua filamu In the Mood for Love ya mwongozaji Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Maggie Cheung anabadilisha magauni ya kichina mfululizo, yenye maua, yenye mistari, ya rangi kali, ya rangi iliyopoa. Wakati mwingine gauni kubadilika ndiyo dalili pekee kwamba siku imepita. Lakini ukisimamisha picha utaona mshono haubadiliki sana: ukosi mrefu wa kusimama, mwili uliobana, mikono mifupi. Mbunifu wake, William Chang, alishika umbo moja akacheza na vitambaa. Huo ndio uamuzi, na unaweza kuuchukua hata kama hutavaa gauni la namna hiyo maishani mwako. Tafuta mshono mmoja unaokupenda, kisha ushonee vitambaa vinne.

Mfano wa pili ni Annie Hall ya 1977: Diane Keaton na kizibao, tai, kofia na suruali pana za mkato wa kiume. Watu waliiga sana. Sehemu kubwa ya mtindo ule ilikuwa namna yake mwenyewe ya kuvaa, na nadhani ndiyo maana nguo hazikumvaa yeye.

Kwa hiyo kwa kila picha andika sentensi moja: "juu pana, chini pamebana", au "rangi moja toka juu hadi chini, kiatu tu ndicho kinachopiga kelele". Ukishindwa kuiandika, hujaiona bado.

Hatua ya 5: Jaribu kwa ulichonacho
Vaa sentensi hiyo kwa nguo zako siku tatu kabla ya kutoa hata senti. Mara nyingi kinachopungua ni mkanda, au pindo la suruali kupandishwa kidogo.

Hatua ya 6: Nenda kwa fundi
Mpelekee picha za mbele, ubavuni na nyuma, pamoja na nguo yako moja inayokukaa. Mwigizaji hupimwa na kurekebishiwa kabla ya kupiga picha, kwa hiyo nguo ya dukani isipokukaa vile usiulaumu mwili wako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nilinunua kitambaa cha kijani kama cha kwenye filamu, nyumbani kikawa rangi nyingine kabisa. Nimeibiwa?
Jibu: Hujaibiwa. Taa za kurekodia hubadilisha rangi, halafu filamu yenyewe husahihishwa rangi baadaye, na simu yako inaongeza ya kwake. Rangi usiifuate kwenye skrini. Weka kitambaa chini ya kidevu, simama penye mwanga wa mchana, tazama uso badala ya kitambaa.

Swali: Mwalimu, mimi ni mfupi na mhusika wangu ni mrefu kama mlingoti. Nimwache?
Jibu: Usimwache, ila usichukue vipimo vyake. Tazama koti lake linakatia wapi: kwenye nyonga? katikati ya paja? Wewe likatie mahali hapohapo kwenye mwili wako.

Swali: Napenda filamu za wafalme na malkia. Nikivaa hivyo si nitachekwa?
Jibu: Ukivaa vyote, ndiyo. Chukua kimoja tu: ukosi wa kusimama, vifungo vilivyosongamana, au mkono uliojaa begani. Kingine chote kiwe cha leo. Hata wabunifu wakubwa hawabebi kitu kizima kizima. Ruth E. Carter, kwenye Black Panther ya 2018, alianzia kwenye isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, na taji la malkia likatengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya umbo kamili (3D). Mwaka 2019 filamu hiyo ilimpa Oscar ya mavazi, akiwa mwanamke wa kwanza mweusi kuipata.

Swali: Kazini tunavaa sare. Somo hili linanihusu?
Jibu: Linakuhusu sana. Tafuta filamu ambayo wahusika wote wamevaa sare, kisha angalia unawatofautishaje: mikono iliyokunjwa, saa, nywele, ukosi uliofunguliwa kifungo kimoja.

Swali: Lile koti ulilifanyaje?
Jibu: Nililikata kuanzia magotini kwenda chini. Sasa ni jaketi, na kipande kilichobaki fundi alinishonea mfuko.