Viti Vinne, Sigaa Tatu: Namna ya Kuvuta kwa Utulivu na Marafiki

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, jua likishatua, tunakaa watu wanne uani kwangu. Viti vinne, meza ya chini, kisahani kipana cha majivu, jagi la maji, na sigaa tatu. Kwa nini tatu, nitafika huko. Huu ni mwaka wa saba, na kila anayeniuliza aanzie wapi humjibu hivi: mwenyeji kazi yake ni kulinda mwendo. Sigaa haitaki haraka. Ukiivuta mbio inakuwa chungu, na maongezi nayo yanakwenda mbio.

Ninaposema sigaa, wengine huiita biri, nazungumzia ile iliyosokotwa kwa mkono, yenye majani marefu ya tumbaku yasiyokatwakatwa. Ina sehemu tatu. Ndani kuna majani yaliyokunjwa pamoja, kisha jani la kufungia linaloyashika, halafu jani la nje, laini kuliko yote, ambalo ndilo unaloliona na kulionja kwanza mdomoni. Katika yale ya ndani kuna jani linaloitwa ligero, linalochumwa sehemu za juu za mche, kule jua linakopiga zaidi. Hilo ndilo lenye nguvu, nalo huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huliweka katikati kabisa.

Msichague kwa rangi. Watu wengi wakiona sigaa nyeusi husema hii kali, wakiona ya kahawia hafifu husema hii ya wasiozoea. Jani jeusi la nje, maduro, limepata weusi wake kwa kuchachushwa muda mrefu, na mara nyingi linaleta ladha tamutamu inayokaribia kakao. Nguvu inatoka ndani. Muulize muuzaji majani ya ndani yana nguvu kiasi gani, na kama mna mgeni asiyewahi kuvuta, chukueni nyepesi kwa wote.

Jambo nililochelewa kulijua ni ukubwa. Unene wa sigaa hupimwa kwa kuigawa inchi moja sehemu 64, kwa hiyo namba 50 ni sehemu 50 kati ya hizo, karibu milimita 20. Sigaa ya ukubwa uitwao Robusto ina urefu wa inchi 5 hivi na unene wa 50, na kwa mvutaji mtulivu inakwenda dakika 45 hadi saa nzima. Ile ya ukubwa wa Churchill, inchi 7 kwa unene wa 47, inaweza kufika saa moja na nusu. Zamani nilikuwa naweka mchanganyiko mezani, kila mtu ajichagulie. Mwenye ndogo alikuwa anamaliza mapema, anabaki kuzungusha glasi na kutazama saa, na baada ya dakika kumi wote tulikuwa tumesimama. Siku hizi nanunua ukubwa mmoja kwa wote, Robusto, na tunamaliza pamoja.

Kuhusu kutunza sitasema mengi. Kama mnavuta leo, nunueni leo. Ukiweka akiba, sigaa inapenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Joto likipita 24, mayai ya mdudu wa tumbaku yanaweza kuanguliwa, na utakuta jani la nje lina vitundu kama vya sindano. Sanduku maalumu ni zuri, lakini chombo cha plastiki kinachofungika vizuri, chenye kipakiti cha kudhibiti unyevu ndani yake, kinatosha kabisa. Friji isikujie hata kichwani, kwani inakausha na kutia harufu za vyakula. Kabla ya kununua, ibonyeze kidogo kwa vidole viwili. Ikibonyea na kurudi, ni nzima. Ikilia kama jani kavu, iache.

Watu wale chakula kwanza. Hili silegezi, na nina sababu. Sigaa yangu ya kwanza nilipewa na shemeji, nami nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nilipofika nusu, jasho baridi lilinitoka, mikono ikatetemeka, na nikalala chini sakafuni nikitazama dari likizunguka. Ilikuwa nikotini. Moshi wa sigaa hauhitaji kufika mapafuni ili uingie mwilini, kwa sababu nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo. Ukimwona mwenzako amenyamaza ghafla na uso umempauka, mtoe sigaa mkononi, mpe maji na kitu chenye sukari, na mwache akae penye hewa. Kwa kawaida hali hutulia baada ya muda mfupi. Asipopata nafuu, mpelekeni kwa daktari.

Sasa kukata. Kichwa cha sigaa, ule upande wa mdomoni, kimefunikwa kwa kipande cha jani kama kofia. Ukiitazama kwenye mwanga utaona mstari mwembamba pale kofia inapoishia. Kata kabla ya kuufikia mstari huo, milimita 2 tu kutoka mwisho wa upande wa mdomoni. Ukipita mstari, jani la nje linaanza kufumuka na utakuwa unatema vipande vya tumbaku hadi mwisho. Kama mkono wako haujazoea, laza kikatio chenye visu viwili juu ya meza, simamisha sigaa ndani yake, kichwa kikigusa meza, kisha kaza kwa mara moja. Meza yenyewe inakuzuia usikate sana. Kikatio kiwe kikali, kwani butu hukamua badala ya kukata.

Kuwasha ndiko ninakokupenda kuliko yote, na ndiko watu wanakoharibu. Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu za mbao, na njiti iache kwanza ule moto wa baruti uishe. Kiberiti cha petroli na mshumaa vinaacha ladha yao kwenye jani. Usiitie sigaa mdomoni bado. Ishike kwa mshazari, ncha yake iwe juu kidogo ya mwali, isiuguse, na uizungushe taratibu. Utaona ukingo unaanza kuwa mweusi, kisha uzi mwembamba wa moshi unapanda, kisha duara la wekundu linajiunga pole pole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo unaitia mdomoni na kuvuta mara mbili tatu huku ukiendelea kuizungusha. Igeuze, puliza kwenye ncha. Kaa likiwaka sawasawa pande zote, umemaliza. Pakiwa na sehemu nyeusi, ipashe hiyo tu. Kila mtu awashe yake. Dakika hizo mbili hakuna anayezungumza kwetu, na hapo ndipo wiki ya kazi inapotutoka mabegani.

Baada ya hapo, vuta mara moja tu kwa dakika, au hata kwa nafasi zaidi ya hapo. Moshi ukae mdomoni, utoke, usimezwe. Mtu akisimulia kisa kirefu na sigaa ikazimika, si kosa. Kung'uta majivu, pasha ncha upya, endelea. Majivu yenyewe yaacheni yafike sentimita 2 au 3 kabla ya kuyaangusha, kwa sababu yanapunguza joto la moshi. Ile pete ya karatasi msiivue mwanzoni, gundi yake inaweza kuchana jani. Joto likiikaribia italegea yenyewe.

Kinywaji kisiizidi sigaa, wala sigaa isikizidi kinywaji. Nyepesi inakwenda na kahawa ya maziwa. Ile ya maduro mimi huipa ramu iliyokaa miaka kwenye pipa, maana utamu wa muwa na utamu wa jani lile vinaelewana. Wiski ni nzuri kwa sigaa nzito, ila bila barafu nyingi, kwani ulimi uliopoa hauonji kitu. Asiyekunywa pombe hajapungukiwa. Soda ya tangawizi inasafisha ulimi vizuri sana, na kahawa nyeusi ni rafiki wa tumbaku kuliko pombe yoyote niliyoijaribu. Maji yawe mezani muda wote. Mimi naweka kikomo cha glasi mbili ndogo, na mwenye kuendesha gari hanywi.

Theluthi ya mwisho moshi unakuwa mzito na wa moto. Usijilazimishe kuimaliza. Ikianza kuuma ulimi, iweke kwenye kisahani na uiache ijizimie. Usiisage kama sigara ya kawaida, utafukuza watu kwa harufu.

Na lazima niseme wazi: tumbaku inadhuru. Hata asiyemeza moshi yuko katika hatari ya saratani ya mdomo, koo na umio, na nikotini huzoesha mwili. Ndiyo maana kwetu ni mara moja kwa mwezi, nje, mbali na watoto na wajawazito, na asiyevuta hasihiwi.

Rafiki yetu wa nne aliambiwa na daktari aache, naye akaacha siku ileile. Mwezi uliofuata alinipigia simu akisema atabaki nyumbani ili asituharibie. Nikamwambia kiti chake hakikaliwi na mtu, na kwamba akihofia moshi utamrudisha, sote tutakaa bila kuvuta. Alikuja, akaomba akae upande upepo unakotokea. Tangu hapo ndiye anayechemsha kahawa, na ndiye anayetulindia mwendo. Akiona mmoja wetu anavuta pafu juu ya pafu, humsogezea maji bila neno, na mkono wenye sigaa unashuka wenyewe.