Kufungua folda za mfumo kwa mamlaka ya root kwenye Linux bila kuvuruga kompyuta

Kompyuta ya steshenari ya Moshi au Arusha inayotumia Ubuntu au Linux Mint hupitisha siku nyingi bila kuhitaji mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo. Uhitaji hujitokeza pale mteja anapoleta fonti za kadi ya mchango wa harusi, nawe unataka kila anayetumia mashine hiyo azipate. Lazima ziingie /usr/local/share/fonts, na mfumo unakataa kuzipokea. Wengi hapo hufungua terminali na kuandika `sudo nautilus`. Usifanye hivyo.

Amri hiyo huipa Nautilus nzima, programu ya mafaili ya Ubuntu, mamlaka ya root. Ukiteleza ukaburuta folda isiyo yake, hakuna wa kukuzuia. Unachokitupa kinaweza kwenda /root/.local/share/Trash, usikione kwenye pipa lako la taka huku diski ikizidi kujaa. Kwenye Ubuntu zilizotangulia 19.10 kuna hatari zaidi: sudo iliacha HOME (anwani ya folda binafsi ya mtumiaji) ikiwa yako, hivyo programu iliandika mipangilio ndani ya folda yako kwa jina la root. Kesho yake unaingiza nywila sahihi, kioo kinameta, unarudishwa pale pale pa kuingilia. Ikikufika, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, kisha:

`ls -la ~`
`sudo chown -R $USER: $HOME`

Amri ya kwanza itakuonyesha faili zilizoshikwa na root, mara nyingi .Xauthority, .config au .cache. Ya pili inakurudishia umiliki. Washa upya kompyuta.

Njia salama kwenye Ubuntu ni kuipa mamlaka folda unayoihitaji tu. Fungua programu ya mafaili kama kawaida, bonyeza Ctrl+L, uandike:

`admin:///usr/local/share/fonts`

Mikwaju ni mitatu. Ukiweka miwili anwani haitafunguka. Utaombwa nywila, kisha unanakili fonti kutoka kwenye flashi kama ulivyozoea. Nautilus inabaki ikiendeshwa kwa jina lako, na kazi ya root inafanywa pembeni na gvfs, huduma ya mfumo inayoisaidia kufikia mafaili. Ukiambiwa anwani haitambuliki, sakinisha kifurushi kinachokosekana: `sudo apt install gvfs-backends`. Kisanduku cha nywila kisipotokea kabisa, jambo la kawaida kwenye desktopi nyepesi kama Openbox, maana yake hakuna wakala wa polkit (programu inayokuomba nywila) anayefanya kazi. Sakinisha lxpolkit na uiwashe.

Baada ya kunakili, endesha `sudo fc-cache -f` ili mfumo uzitambue fonti mpya. Fonti zikionekana kwako lakini si kwa mwenzako, kagua ruhusa za faili. Faili yenye 600 husomwa na mmiliki pekee. Amri `sudo chmod 644 /usr/local/share/fonts/*.ttf` inamaliza tatizo hilo.

Kwenye Linux Mint, programu ya mafaili iitwayo Nemo ina "Open as Root" ukibofya kulia ndani ya folda. Dirisha linalofunguka lina utepe mwekundu juu. Hilo ni dirisha la root kamili, kwa hiyo lifunge mara tu kazi inapoisha. Thunar, programu ya mafaili ya desktopi ya Xfce, hufunguka kwa `pkexec thunar`, nayo hutoa onyo. Dolphin, ile ya desktopi ya KDE, hukataa kuendeshwa kwa sudo. Sakinisha kio-admin, kisha utumie `admin:/` kwenye sehemu ya anwani. Maelekezo ya zamani yanayotaja gksu au gksudo yaache, kwani Ubuntu iliiondoa programu hiyo kuanzia 18.04.

Ukiwa kwenye Wayland (mfumo unaochora madirisha kwenye kioo), programu iliyowashwa kwa root inaweza kukataa ikisema haiwezi kufungua kioo. Kuna watu huandika `xhost +`, nayo hufungua mlango kwa kila mtu. Mruhusu root peke yake: `xhost +si:localuser:root`, na ukimaliza rudia amri hiyo ukiweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha.

Kuhusu flashi za wateja, kabla ya kukimbilia root, uliza kwanza kwa nini haiandikiki:

`findmnt -T /media/$USER/JINA_LA_FLASHI`

Ukiona `ro` (kusoma tu) mwanzoni mwa safu ya OPTIONS, flashi imefungwa isiandikwe, na hata root atakataliwa. Kwa flashi yenye muundo wa FAT, chanzo mara nyingi huwa umeme uliokatika au kuchomolewa katikati ya kunakili, kernel (kiini cha Linux) ikakuta makosa na kuifunga. Tafuta jina lake kwa `lsblk`, iondoe kwenye mfumo, kisha uirekebishe, kwa mfano:

`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`

Hakikisha sdb1 ndiyo flashi kwa kulinganisha ukubwa. Diski yenye muundo wa NTFS iliyotoka kwenye Windows iliyolala hufungwa vivyo hivyo. Dawa ni kuzima Fast Startup kule Windows na kuizima mashine ile kabisa. Ikiwa OPTIONS inaonyesha `rw` (kusoma na kuandika) na flashi ina muundo wa ext4 wa Linux, basi mmiliki wake ndiye root. Ipe umiliki mara moja na hutahitaji root tena kwa flashi hiyo:

`sudo chown $USER: /media/$USER/JINA_LA_FLASHI`

Kama unachotaka ni kubadili mistari miwili ndani ya faili la mipangilio, mfano /etc/fstab, dirisha la mafaili halihitajiki. `sudoedit /etc/fstab` hukupa nakala ya kuhariri, na hulirudisha faili mahali pake unapohifadhi na kufunga.