Dogo wa miaka 15 kwenye bonanza la wakubwa: refa ufanyeje

Marefa wenzangu wa mchangani, hii mnaijua, maveterani wamepungukiwa mtu wanamchomeka dogo wa kidato cha pili, halafu wote wanakuangalia wewe na filimbi yako. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Wahi uwanjani, chukua fomu za wachezaji, waite mratibu na makapteni uwaulize kanuni yao ya umri inasemaje. Kuruhusu umri ni kazi ya mwandaaji, usijifanye RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa. Kitambulisho cha NIDA ni cha kuanzia miaka 18 kwa hiyo mwenye nacho kashajibu, ila asiye nacho usimhukumu, watu wazima kibao hawana.

Hatua ya 2: Akiwa chini ya 18 ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi. Kile kikaratasi cha "nikiumia simlaumu mtu" akisaini mwenyewe ni bure tu, hajafika umri wa kuingia mkataba. Mzazi au mlezi aje, au apigiwe simu hapohapo, na mratibu asaini kwamba yeye ndo kamruhusu. Akigoma kusaini sipulizi.

Hatua ya 3: Shingadi. Ni lazima kwa kila mtu, Sheria ya 4 ya mpira wa miguu, hata bonanza la supu.

Hatua ya 4, na hapa ndo penyewe. Utaambiwa "refa hashtakiwi, Sheria ya 5 inakulinda". Ni kweli inasema refa hawajibiki mchezaji akiumia kutokana na maamuzi yake ya kimchezo, lakini hiyo kaandika IFAB, wale watunga sheria za mpira, hakimu hafungwi nayo, yeye ataangalia uzembe: uliona shimo golini ukaanzisha mechi? dogo kagongwa kichwa anayumba ukamwacha aendelee? Kwa hiyo rafu ya hovyo ya kwanza toa njano, usisubiri ya pili kisa ni mechi ya kirafiki, na nguvu za kupitiliza ni nyekundu hata kama aliyecheza ndo kanunua jezi. Akiumia vibaya simamisha mpira palepale. Akigongwa kichwa mi simrudishi, kocha apige kelele mpaka achoke. (Na dogo naye akikata mtu anapewa kadi yake, huruma iishie kwenye afya.)

Hatua ya 5: Ripoti usiku huohuo. Dakika, tukio, nani aliruhusu, picha ya fomu. Mratibu akisema bonanza halina ripoti, mtumie hivyohivyo WhatsApp, tarehe na saa zitabaki pale.