TEAS: kujiandaa na mtihani wa kuingia shule ya unesi Marekani

Tutenganishe mambo kwanza, maana kwenye zamu za usiku huku nasikia watu wakiyachanganya kila siku. NCLEX ni mtihani wa leseni, unaufanya ukishamaliza shule. TEAS ni wa kuingilia. Kuna vyuo vinavyotaka HESI A2 badala yake, na vingine havitaki mtihani wowote. Kwa hiyo kabla hujatoa kadi ya benki, fungua ukurasa wa idara ya unesi (si ule wa chuo kizima, wenye picha za watu wanaocheka) utafute: mtihani gani, alama ya chini kabisa, unaruhusiwa kurudia mara ngapi na baada ya muda gani, na alama zako zinatumika kwa miaka mingapi. Vyuo viwili vya mji mmoja vinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa.

Kisha vyeti, kabla ya kugusa kitabu. Hapa ndipo pesa yangu ilipoliwa. Nilikuwa na KCSE, cheti cha kumaliza sekondari Kenya, na diploma ya nyumbani. Karani wa dirisha la waombaji wenye vyeti vya nje alinihakikishia kwamba tathmini ya jumla inatosha, ile inayosema tu cheti chako ni sawa na kipi cha hapa. Nikalipa. Faili lilipofika idara ya unesi likarudishwa: wao wanataka tathmini ya somo kwa somo, yenye gredi na saa za masomo. Nikalipa tena. Nilipomrudia karani, alitabasamu vizuri sana akaniambia dirisha lake halihusiki na unesi. Basi waandikie idara yenyewe kwa barua pepe, uliza ni tathmini ya aina gani na ya kampuni zipi (vyuo vingi hukubali zilizo wanachama wa NACES, chama cha kampuni za kutathmini vyeti vya nje), na lile jibu ulitunze kama hati ya shamba. Kampuni hizi mara nyingi hutaka matokeo yatoke moja kwa moja kwa baraza la mitihani. Kwa KCSE uthibitisho huombwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS. Anza mapema, kwa sababu tarehe ya mtihani utaipata kirahisi, lakini bahasha ya kutoka Nairobi haina haraka na mtu.

Usajili wa TEAS wenyewe ni kwenye tovuti ya ATI, kampuni yenye mtihani huu, dakika chache tu. Angalia majina. Sisi wa majina matatu tunajulikana: leseni ya udereva inasema hivi, pasi inasema vile, na akaunti umeifungua kwa jina la kanisani. Jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokionyesha siku ya mtihani. Majina yakigongana, unaweza kuzuiwa mlangoni.

Sasa kusoma. Maswali ni 170 kwa dakika 209, na 20 kati yake hayahesabiwi, ila huwezi kujua ni yapi. Kusoma na kuelewa ni maswali 45 kwa dakika 55, hesabu 38 kwa dakika 57, sayansi 50 kwa dakika 60, na Kiingereza 37 kwa dakika 37. Sayansi ndiyo nzito: katika maswali yake 44 yanayohesabiwa, 18 ni ya mwili wa binadamu na jinsi unavyofanya kazi. Moyo, figo, homoni na mishipa ya fahamu vikikukaa kichwani, umevuka pabaya.

Kwa aliyesoma mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, hesabu si za kutisha: sehemu, asilimia, uwiano, milinganyo myepesi, na kikokotoo kiko kwenye skrini. Kinachotuumiza ni vipimo. Tulikulia kilo na lita, hapa unaulizwa aunsi na pauni. Kariri kwamba inchi ni sentimita 2.54, kilo ni takriban pauni 2.2, aunsi ya kimiminika ni kama mililita 30, na galoni ni kwarti 4. Hata lebo ya galoni ya maziwa kwenye friji ina lita 3.78 pembeni, nilikuwa naisoma kila nikichemsha chai. Kwenye Kiingereza zoea tahajia ya Kimarekani, kwani tuliyofundishwa ni ya Kiingereza cha Malkia.

Fanya majaribio ukiwa na saa mezani, na usiache swali wazi, kwani jibu lisilo sahihi halikukati alama. Ndani ya sehemu moja unaweza kurudi nyuma, ukishaifunga, imefungwa. Baada ya hesabu kuna mapumziko ya dakika 10. Yatumie, hata kama hujisikii.

Ukifanyia nyumbani, msimamizi atataka uzungushe kompyuta aone chumba kizima, juu na chini ya meza. Toa kalenda ukutani, ondoa simu, na uwaambie wenzako wa nyumbani wasiingie, hata kuulizia chumvi. Karatasi ya hesabu ni moja, tupu pande zote, na mwishoni unaichana mbele ya kamera.

Matokeo yakitoka, yapakue mara moja. Ukitaka chuo cha pili kiyapate, utalipia kuyatuma kupitia ATI, maana nakala uliyochapisha mwenyewe wengi hawaipokei. Ukishatuma, subiri siku chache, kisha piga simu idara ya unesi uulize kama yameingia kwenye faili lako, na uandike jina la aliyekujibu.